Nimebanwa na Nani? Maneno Yetu na Ratiba Iliyojaa

Kuna ushauri unaozunguka miongoni mwetu wanafunzi, hasa majuma ya mitihani yanapokaribia. Hutolewa na wasemaji wanaoalikwa kututia moyo, huandikwa katika vitabu vya Kiingereza vya kujiendeleza, na siku hizi hurudiwa hata na wanafunzi wa mwaka wa kwanza kana kwamba ni methali ya mababu. Unasema hivi: ratiba yako haikuchoshi kwa wingi wa kazi, inakuchosha kwa maneno unayoyatumia. Badala ya kusema "ni lazima niende darasani", sema "nimepata nafasi ya kwenda darasani". Badala ya "inanibidi nifue", sema "nimechagua kufua". Badili neno, na mzigo utabadilika.

Sipingi kwamba maneno yana nguvu. Mtu anayesomea lugha akilikana hilo atakuwa amekata tawi alilokalia. Ninachokihoji katika makala haya ni namna nguvu hiyo inavyofanya kazi, na kama ushauri uliotungwa katika lugha nyingine unaweza kuingizwa katika Kiswahili bila kuvuliwa viatu mlangoni. Maoni yangu ni kwamba neno tunalolitumia juu ya siku iliyojaa kazi halitufai kwa utamu wake. Linatufaa pale linapomtaja aliyeijaza siku hiyo. Kiswahili kina njia nzuri sana ya kumtaja mtu huyo, na sisi tuna mazoea ya kuiacha.

Nianze na hiyo "nafasi". Mwambie mama anayeuza mihogo katika soko la Arua: "Leo nimepata nafasi ya kwenda darasani." Ataelewa nini? Ataelewa kwamba ulikuwa umezongwa na mambo, yakapungua, ukapata mwanya, ukaenda. Hataelewa kwamba unashukuru kwa bahati ya kusoma. Nafasi kwetu ni mahali patupu kwanza: nafasi ya kukaa kwenye basi la Koboko, nafasi kati ya mstari na mstari. Kisha ni wakati usio na kazi. Maana ya fursa ipo, lakini ukiiweka neno hilo karibu na ratiba, maana ya wakati mtupu ndiyo inayoruka mbele. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye masomo sita na kazi ya jioni akisema "nimepata nafasi ya kwenda darasani", anatoa taarifa ya uongo kuhusu siku yake. Anadai kuwa nacho kile kile anachokikosa. Ushauri uliokuwa na mantiki katika lugha yake ya kwanza, ukifika kwetu unageuka kichwa chini miguu juu.

Wapo watakaosema kwamba tukichimba asili ya neno tutapata maana nzuri zaidi. Nafasi imetoka katika Kiarabu, na ndugu zake huko wanahusu pumzi. Hivyo "sina nafasi" ingekuwa "sina pa kupumulia", na ingependeza, maana hata kupumzika kwetu kumezaliwa na pumzi. Napenda mchezo huu lakini siuamini sana. Tazama neno shughuli. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu kazi na mambo ya kufanya. Pwani shughuli imekuwa pia sherehe: ukiambiwa kwa jirani kuna shughuli, unauliza kama ni harusi au ni kumtoa mwali. Kwa Wanubi wa Koboko na Arua, mzizi huo huo umezaa neno sokol, nalo maana yake ni kitu tu, kitu chochote. Mzizi mmoja, na ndani yake kazi, karamu na kitu. Asili ya neno haimpangii mtu namna ya kuionja siku yake. Matumizi ndiyo yanayopanga, na zaidi ya matumizi, sarufi.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Sikiliza majibu yanayotolewa Arua Hill mtu anaposalimiwa na kuulizwa mbona haonekani. "Nimebanwa." "Nimetingwa." "Nimelemewa." "Nimezidiwa." Vitenzi vyote vinne viko katika kauli ya kutendwa. Msemaji ni mpokeaji wa tendo. Kuna kitu kinachombana, kinachomlemea, kinachomzidi. Linganisha na lile jibu la kisasa, "niko bize". Hilo ni hali tu, kama vile "niko mgonjwa" au "niko Koboko". Mtu yuko bize jinsi mawe yalivyo mlimani. Ukimuuliza "bize na nini?" atakutajia kazi, na mazungumzo yatakwisha hapo. Kauli ya kutendwa huacha mlango wazi. Baada ya "nimebanwa" kuna kiti kitupu kinachosubiri mtu, na kiti hicho kimewekwa na neno dogo kuliko yote katika sentensi: na. Nimebanwa na nini? Nimebanwa na nani?

Kwa hiyo ninatofautiana na wale wanaodai kwamba kauli ya kutendwa ni kauli ya wanyonge, na kwamba mwanafunzi mwenye msimamo anapaswa kusema kwa kauli ya kutenda tu. Kauli ya kutendwa iliyokamilika, yenye mtenda wake baada ya "na", ni kauli ya kishupavu. Inanyoosha kidole. Unyonge unaingia pale sentensi inapokatwa katikati.

Nitoe mfano. Mwenzangu mmoja wa kike anaishi kwa shangazi yake. Alfajiri anachota maji, anapika chai ya nyumba nzima, saa mbili yuko darasani, saa kumi na moja jioni yuko kwenye kibanda cha shangazi akiuza sabuni na mafuta ya kupikia, na vitabu anavifungua baada ya saa nne usiku. Ukimuuliza hali, anasema "nimebanwa". Ukimsukuma kidogo, "nimebanwa na kazi". Sijapata kumsikia akisema "nimebanwa na shangazi". Na hatasema, kwa sababu shangazi ndiye anayemlipia karo, na kumtaja hadharani hivyo ni utovu wa adabu. Basi sarufi inampa kiti, adabu inakiondoa. Halafu anakuja msemaji mwalikwa anamwambia: usiseme umebanwa, sema umechagua. Kuchagua kunahitaji angalau vitu viwili mezani. Neno jipya halimwongezei hata dakika moja ya kusoma. Linachofanya ni kumfuta shangazi kabisa katika sentensi, hata kile kivuli chake kilichobaki katika "-wa". Baada ya hapo akifeli atalaumiwa yeye, kwani si alichagua?

Ofisi nazo zina mbinu zao. Soma tangazo lolote ubaoni: "Wanafunzi wote wanatakiwa kuwasilisha kazi zao kabla ya Ijumaa." Wanatakiwa na nani? Mwandishi wa tangazo anajua, maana ni yeye. Lakini tangazo limeandikwa kana kwamba kutakiwa ni hali ya hewa ya mwezi huo. Vivyo hivyo "mnapaswa", "mnahitajika". Yupo pia mjanja kuliko wote, naye ni kauli ya kutendeka. Tofauti kati ya "nalazimishwa" na "nalazimika" ni silabi moja tu, ila ni kubwa sana. "Nalazimishwa" inadai mtenda: lazima awepo wa kulazimisha. "Nalazimika" haimpokei hata ukimwalika; hakuna Mswahili atakayesema "nalazimika na mwalimu". Lazima imejizalisha yenyewe. Ndiyo maana wakubwa wanapoleta habari mbaya huipenda sana: "Tumelazimika kuongeza vipindi vya Jumamosi."

Muhula uliopita masomo matatu yalipangiwa mtihani siku moja. Kwa juma zima tulitembea tukisema "tumebanwa na mitihani", kwa sauti ile ile ya mtu anayesema mvua imemnyeshea. Kiswahili kinaturuhusu kusema hivyo, maana katika lugha yetu njaa humshika mtu, usingizi humpata, na kazi humkalia. Lakini njaa na usingizi vinakuja vyenyewe. Mitihani haijipangi. Kiongozi wa darasa alipoacha kusema "mitihani" na kuanza kusema "mitihani mitatu iliyowekwa siku moja na watu watatu ambao hawakuulizana", akajua milango ya kubisha ni mitatu. Mtihani mmoja ulisogezwa. Naandika hili bila kushangilia, kwani miwili ilibaki palepale.

Kwa nini tuna haya kumtaja mtenda? Adabu ni sababu moja, na kwa pwani huenda ikatosha. Kwa huku West Nile nadhani kuna sababu nyingine iliyo katika historia ya Kiswahili chenyewe. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likawa chini ya Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 likahamishiwa Uganda. Mwaka huo huo A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, alianzisha kituo cha serikali Arua. Kiswahili hakikupanda huku na mashairi ya Lamu wala na hadithi za Pate. Kilikuja na askari, polisi na wasimamizi. Katika jeshi la King's African Rifles kilikuwa lugha ya amri, na wanaume wengi wa West Nile walikisikia huko, au katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi walikokwenda kutafuta fedha ya kodi. Maneno ya kwanza waliyoyabeba kurudi nyumbani yalikuwa ya wakati na kazi: haraka, upesi, panga mstari, fanya, ondoka.

Amri ina sarufi yake. Haina kiima kinachoonekana, na haimtaji anayeamuru kwa sababu yuko mbele yako ameshika fimbo. Lugha iliyoingia katika masikio ya watu kwa njia hiyo inawafundisha kwamba kazi hutoka kusikojulikana na haraka ni ya kwako peke yako. Hata neno kibarua lina alama hiyo: ni barua ndogo, kijikaratasi cha mtu wa kazi ya kutwa, na leo tunasema "nina kibarua kizito" kwa maana ya mtihani wa maisha. (Ratiba ya muhula nayo ni kijikaratasi, ila hii ni dokezo tu.) Wazee wengi hapa bado wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya sare. Idi Amin alipotangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa hakuwapunguzia hisia hiyo, hata huku kwao. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa lazima: neno lile lile tena. Sisi tunaokisoma kwa mapenzi tuna kazi ya kukionyesha kikiwa na sauti nyingine.

Waganda, kwa mfano, humsalimu mtu aliye kazini kwa "gyebale", wakimpongeza kwa kazi anayoifanya. Mswahili humwambia "pole na kazi". Nimesikia wenzangu wakisema kwamba hii inaonyesha Waswahili wanaiona kazi kuwa msiba. Sikubali. Pole inamtambua mtu aliye chini ya mzigo, na jibu lake la zamani, "nimeshapoa", linasema kwamba kule kutambuliwa kumemtua kidogo. Hakuna anayemdanganya mwenzake kwamba jembe ni jepesi. Kati ya "pole na kazi" na ule ushauri wa "sema umechagua", mimi naona ya kwanza ina heshima zaidi kwa mtu aliyechoka.

Na tusidhani kwamba watu wa huku hawajui wakati una mwenyewe. Barabara ya lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ina urefu wa kilomita 92 hivi, na inaanzia mpaka mmoja na kuishia mpaka mwingine. Ukivuka Vurra kwenda Ariwara, Kongo, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Ukivuka Oraba kwenda Kaya, Sudan Kusini, zamani saa ilikuwa ile ile ya Uganda. Lakini tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini iliirudisha saa yake nyuma, na tangu siku hiyo mfanyabiashara wa Koboko ana majirani wawili walio nyuma yake kwa saa nzima. Serikali iliamua usiku mmoja, na asubuhi yake ratiba ya mtu ikawa imebadilika bila yeye kugusa chochote. Kwa hiyo mtu akikuambia tukutane saa tatu, swali la kwanza ni "saa ya wapi?" Ongeza na hili: karatasi ya chuo inasema 8:00, na kinywa kinasoma "saa mbili". Mchuuzi wa mpakani hubeba hesabu hizi zote kichwani, na hatasema kamwe "nimechelewa" kabla ya kuuliza nimechelewa kwa saa ya nani. Swali hilo la mchuuzi ndilo ninalotaka liingie katika vitenzi vyetu.

Labda mhadhiri mmoja atauliza hapa kama simwangukii Benjamin Lee Whorf na wale walioamini kwamba lugha humfungia mtu ndani ya mawazo fulani. Whorf aliandika kwamba lugha ya Wahopi wa Marekani haina wakati kama tuujuavyo. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki akachapisha kitabu kinene kilichojaa mifano ya Wahopi wakizungumzia wakati. Karibu na nyumbani, John Mbiti, aliyefundisha Makerere, aliandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika wa jadi ana wakati uliopita mrefu na wakati ujao mfupi sana, akayachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, yawe majina ya nadharia yake. Ushahidi wake wa vitenzi, hata hivyo, ulitoka zaidi katika Kikamba na Kikikuyu. Angekaa kwanza na Kiswahili chenyewe angekuta kwamba baada ya leo kuna kesho, baada ya kesho kuna keshokutwa, baada yake mtondo, na baada ya mtondo mtondogoo. Siku nne mbele, kila moja na jina lake. Hapa Arua Hill sijasikia mtu akipanga jambo la mtondo, tunasema Ijumaa. Neno limelala kamusini, na watu wanaendelea kupanga harusi za mwaka ujao bila shida. Lugha haikutufunga. Inatuwekea vyombo mezani, nasi tunavishika au tunaviacha.

Chombo kimoja ambacho hatujakiacha ni "-ja-". Nakisifu waziwazi, kwa sababu katika mada hii hakuna sehemu ya sarufi yetu inayonipendeza zaidi.

Tazama sentensi mbili. "Sikusoma kitabu." "Sijasoma kitabu." Katika zote mbili kitabu hakikusomwa. Ya kwanza imefunga mlango na kuweka kufuli. Jambo lilikuwa na wakati wake, wakati ukapita. Ya pili inasema halijatokea hadi sasa, na linatazamiwa. Lugha nyingi zinahitaji kuongeza neno pembeni ili kupata maana hiyo. Kiswahili kimeliweka ndani ya kitenzi, katikati ya mwili wake. Ndiyo maana mtu akiulizwa "umeolewa?" jibu la kiungwana ni "bado", hata akiwa na miaka sitini. Mwanafunzi mwenye orodha ya mambo kumi ambayo hayajafanyika ana mambo kumi yaliyo njiani. Orodha hiyo hiyo ikisomwa kwa "-ku-" ni makaburi kumi.

Hapa, naamini, neno la kila siku linabadilisha kweli namna mtu anavyoikabili ratiba yake, na linafanya hivyo bila kumdanganya. "Sijamaliza" haisemi kazi ni tamu, wala haisemi nimeichagua. Inasema tu kwamba hesabu haijafungwa. Nimeona tofauti hiyo katika madaftari yanayorudishwa. Mwalimu mmoja huandika pembeni "hukujibu swali". Mwingine huandika "hujajibu swali". Wa pili amemrudishia mwanafunzi kalamu.

Najua hatari yake. "Bado" ni mto laini, na wengi wamelalia hapo mpaka muhula ukaisha. Fundi nguo anayekuambia kila Jumatatu "bado kidogo" anatumia sarufi safi kabisa kukuvalisha nguo ya zamani siku ya sikukuu. Wahenga walijua mambo haya yana pande mbili. Waliosema haraka haraka haina baraka ndio hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hawakuona haja ya kuzipatanisha. Lakini dawa ya "bado" si kuiacha. Ni kuipa mtu wa kuisubiri: sijamaliza kazi ya nani? Nani anatazamia? Fundi anayejua kwamba bibi harusi fulani ameketi mlangoni hasemi "bado kidogo" kwa wepesi ule. Tumerudi tena kwa mtenda.

Kwa ajili ya makala haya nilichukua ratiba yangu ya muhula huu na kuandika, kando ya kila mstari, sentensi moja ya kauli ya kutendwa yenye "na" yake. Mistari kumi na mmoja ilikwenda kwa wahadhiri. Mitatu kwa watu wa nyumbani, na niliiandika kwa penseli, kwa heshima. Minne ilikuwa na jina langu mwenyewe, ukiwemo mpira wa jioni na kuwafundisha watoto wa jirani, na kwa hiyo minne tu ningeweza kutumia "nimechagua" bila kuona haya. Mstari mmoja ulinishinda: mkutano wa kila Jumamosi, saa nne asubuhi, ambao sote tunahudhuria. Niliwauliza wenzangu watatu ni nani anayetuita. Kila mmoja alimtaja mwingine.